Kupanga sehemu zenye asili tofauti: jibu kwa fundi wa Unga Ltd aliyejaza ukurasa mzima wa KDS

Swali limetoka kwa fundi gereji wa Arusha, pande za Unga Ltd, nalifupisha: "Shikamoo mwalimu. Binti yangu yuko la tano, kapewa apange 5/8, 2/3, 7/12 na 3/5 kuanzia ndogo kwenda kubwa. Kaandika 2/3, 3/5, 5/8, 7/12, kapigiwa kosa. Nikamwelekeza KDS, yani kigawe kidogo cha shirika, kama tulivyosoma sisi, tukapata 120, tukajaza ukurasa, katikati tukakosea kuzidisha, mtoto kachoka na mimi nimechoka. Hamna njia fupi? Na kuna mtu kaniambia nizidishe mshazari ndo mkato, ila nikimuuliza inafanyaje kazi hajui."

Marahaba fundi. Kabla ya njia fupi rudi kwanza kwenye jibu la binti yako, maana lina kitu ambacho nadhani hata aliyesahihisha kakipita. Jibu sahihi ni 7/12, 3/5, 5/8, 2/3. Sasa weka pembeni yake alichoandika yeye: 2/3, 3/5, 5/8, 7/12. Ni karibu lile lile limegeuzwa, 3/5 na 5/8 tu ndo zimepishana. Yani swali lingesema kuanzia kubwa kwenda ndogo ungedhani mtoto kateleza hapo katikati tu, usingeniandikia, na kosa lingebaki kichwani mpaka la saba huko. Kwa sababu hakupanga sehemu, alipanga namba za chini, 3, 5, 8, 12, na bahati mbaya na za juu nazo zinapanda hivyo hivyo, 2, 3, 5, 7, akaona namba ikikua na sehemu inakua. Hilo ndo la kutibu kwanza na KDS hailitibu. Mtoto anaweza kutafuta kigawe kidogo cha shirika vizuri kabisa, akaonyesha njia zote, na ukimuuliza pembeni 1/8 na 1/5 ipi kubwa akakwambia 1/8 bila wasiwasi.

Kwahiyo siku ya kwanza weka kalamu chini. Muulize mkungu mmoja wa ndizi ukigawanywa nyumba 5, na mwingine unaolingana nao ukigawanywa nyumba 8, ni wapi wanapata nyingi. Hakuna mtoto wa Arusha wala wa huku Moshi atakayekosa hapo. Alafu ndo uandike 1/5 na 1/8 umwonyeshe kwamba asili, ile namba ya chini, ndo zile nyumba, ikiongezeka kila kipande kinapungua, na kiasi, namba ya juu, ni vipande vingapi umechukua. Akishika hilo nusu ya kazi imeisha. Ila angalia nimesema unaolingana nao. Sehemu mbili zinalinganishwa kama kizima ni kimoja, na wewe fundi unalijua hili kuliko walimu wengi: robo ni ndogo kuliko nusu lakini robo ya futi ni inchi tatu, inaipita mbali nusu ya inchi. Kwenye daftari kizima kinakuwa kile kile ndo maana hawakitaji, ila mtoto akichora mwenyewe mara nyingi anachora mstatili mmoja mrefu na mwingine mfupi alafu anashangaa picha inamdanganya.

Toka hapo kuna hali mbili za bure kabisa ambazo hazihitaji hesabu. Asili zikifanana unaangalia kiasi, 5/9 inazidi 4/9, hii kila mtoto anaijua. Viasi vikifanana unaangalia asili kwa kugeuza, 3/7 inazidi 3/8 kwa sababu vipande ni vitatu vitatu ila vya saba ni vikubwa kuliko vya nane. Hii ya pili inapitwa haraka sana darasani na mimi naiona ndo ina faida kuliko ile ya kwanza, utaona inavyorudi huko chini.

Sasa swali lako. Usiguse KDS. Chukua kila sehemu uiulize, umeivuka nusu au hujaivuka? Namna ya kujua ni kuzidisha kiasi mara mbili, kikiipita asili basi imevuka nusu. 5 mara mbili ni 10, imepita 8. 2 mara mbili 4, imepita 3. 7 mara mbili 14, imepita 12. 3 mara mbili 6, imepita 5. Zote nne zimevuka. Ingekuwa mbili zimevuka na mbili hazijavuka ungekuwa umeshagawa kazi, ila hapa mtunzi wa swali kazibana upande mmoja, basi uliza swali linalofuata: imevuka kwa kiasi gani?

5/8, nusu ya nane ni 4, kwahiyo nusu ni 4/8 na imezidi 1/8. 7/12, nusu ni 6/12, imezidi 1/12. 3/5 asili yake haigawanyiki kwa mbili, basi izidishe juu na chini kwa 2 iwe 6/10, nusu ni 5/10, imezidi 1/10. 2/3 nayo igeuze iwe 4/6, nusu ni 3/6, imezidi 1/6. Sasa unacho hiki tu cha kupanga: 1/8, 1/12, 1/10, 1/6. Viasi vyote ni moja, kazi imebaki ya zile nyumba na mikungu. Iliyozidi kidogo kuliko zote ni ya 1/12, alafu 1/10, alafu 1/8, alafu 1/6. Kwahiyo 7/12, 3/5, 5/8, 2/3. Hakuna 120 wala ukurasa. Mstari mmoja, na mtoto anaelewa kila alichokifanya, sio kwamba mashine imetema jibu.

(Hii ya nusu na kipande juu yake sio ujanja wangu. Wamisri wa kale karibu sehemu zao zote waliziandika kama jumla ya vipande vya moja moja, 5/8 kwao ilikuwa nusu na moja ya nane, isipokuwa theluthi mbili waliyoipa alama yake peke yake. Kuna karatasi ya mafunjo ya karani anaitwa Ahmes, ya kama mwaka 1550 kabla ya Kristo, iko British Museum kule London, imejaa hesabu za namna hiyo. Kwa kujumlisha ilikuwa inawatesa, ila kwa kulinganisha ni raha.)

Kuna sehemu moja watoto wanateleza na hii njia, ni pale sehemu zinapokuwa chini ya nusu. Chukua 3/7 na 4/9. Nusu ya saba ni 3 na nusu, kwahiyo 3/7 imepungua nusu ya kipande cha saba, yani 1/14. Nusu ya tisa ni 4 na nusu, 4/9 imepungua 1/18. Sasa 1/14 ni kubwa kuliko 1/18, mtoto anakimbilia kuandika 3/7 ndo kubwa. Hapana, hicho ni kilichopungua. Aliyepungukiwa zaidi ndo mdogo, kwahiyo 3/7 iko chini, 4/9 iko juu yake. Mwache akosee hapa mara moja mbili mwenyewe, akishaikamata haisahau. Ni kama hivyo hivyo ukilinganisha na kizima: 5/6 imepungukiwa 1/6 kufika moja na 7/8 imepungukiwa 1/8, aliyepungukiwa kidogo ndo yuko juu, 7/8 inashinda.

Hapo hapo kwenye kilichopungua kuna mtego mwingine, na huu wanaingia watoto wenye akili nyepesi, wale wanaotafuta mkato wao wenyewe. Anaangalia 3/5 anaona tano kutoa tatu ni mbili, anaangalia 5/7 anaona saba kutoa tano ni mbili, anasema zinalingana, zote zimebakiza mbili. Ni kweli zimebakiza mbili, ila mbili za nini? Moja imebakiza vipande viwili vya tano na nyingine vipande viwili vya saba, na vya saba ni vidogo, kwahiyo 5/7 imekaribia kizima zaidi, ndo kubwa. Akibisha mpe 1/2 na 98/100. Kwa hesabu yake 1/2 imebakiza moja na 98/100 imebakiza mbili, kwahiyo nusu ingekuwa kubwa kuliko tisini na nane ya mia. Muulize angependa apate nusu ya mtihani au 98 ya mia. Hiyo imeisha.

Sasa KDS. Sijasema uitupe, nasema isiwe ya kwanza. Inakuja pale ukiangalia nusu na ukiangalia kizima hupati kitu, mfano 4/15, 3/10 na 5/18. Zote chini ya nusu, zote zinazunguka kwenye robo huko, na vilivyopungua vyenyewe havipangiki kwa macho. Hapa geuza asili zifanane. Na wala usianze na ule mnara wa kugawanya kwa 2, kwa 3, kwa 5, kwa namba ndogo kama hizi chukua asili kubwa kuliko zote uhesabu mafungu yake: 18, 36, 54, 72, 90. Simama kila mara uulize, 15 inaingia? 10 inaingia? 90 zote zinaingia. 90 gawa kwa 15 ni 6, mara 4 ni 24. 90 gawa kwa 10 ni 9, mara 3 ni 27. 90 gawa kwa 18 ni 5, mara 5 ni 25. Kwahiyo 24, 25, 27, maana yake 4/15, 5/18, 3/10. Na mwambie jibu anaandika zile sehemu alizopewa, sio 24/90 na wenzake, swali halikuuliza hizo.

Ile 120 yenu nayo ilikuwa sahihi bana, msijilaumu, 7/12 ni 70/120, 3/5 ni 72, 5/8 ni 75, 2/3 ni 80. Umeona zilivyobanana? Kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho ni kumi tu kati ya mia na ishirini, ndo maana kosa dogo la kuzidisha linavuruga mpangilio mzima. Alafu wengi wanadhani lazima iwe kigawe kidogo kuliko vyote, la sivyo jibu linakuwa kosa. Sio lazima. Kigawe chochote kinachogawanyika kwa asili zote kinafanya kazi, kidogo kuliko vyote kinakupunguzia namba kubwa tu. Mtoto akishindwa kupata 120 akatumia 240, atapata 140, 144, 150, 160, mpangilio ni ule ule.

Na kugeuza asili zifanane wewe unafanya kila siku, hujui tu kama ni hesabu ya la tano. Toa spana zako za inchi, zile za Land Rover za zamani, uzipange mezani: 3/8, 7/16, 1/2, 9/16, 5/8, 11/16, 3/4. Kwa mtoto hiyo ni fujo, inaenda nane, kumi na sita, mbili, kumi na sita, nane, anaona hakuna utaratibu. Mwambie zote azigeuze ziwe na asili 16. Atapata 6, 7, 8, 9, 10, 11, 12. Zinapanda moja moja, kila spana inaizidi iliyo chini yake kwa moja ya kumi na sita ya inchi. Mpe azishike, azipange kwa mkono bila kusoma, alafu ndo asome zilivyoandikwa. Hapo anaona kabisa 9/16 ni pana kuliko 1/2 japokuwa ina namba kubwa chini, na 1/2 ni pana kuliko 7/16, asiniambie tena namba ya chini ikiwa kubwa sehemu ni kubwa, wala asigeuze sheria aseme namba ya chini ikiwa kubwa sehemu ni ndogo, maana hiyo nayo ni uongo kiasi kisipofanana. Nimekutana na watoto wengi waliotolewa kosa la kwanza wakaangukia hilo la pili.

Kuzidisha mshazari sasa. Chukua 5/8 na 3/5. 5 ya juu kushoto mara 5 ya chini kulia ni 25, andika juu ya 5/8. 3 ya juu kulia mara 8 ya chini kushoto ni 24, andika juu ya 3/5. 25 inazidi 24 kwahiyo 5/8 kubwa. Huyo aliyekwambia hajui inavyofanya kazi, ukweli ni kwamba hakuna uchawi wowote, ni asili kufanana ile ile ila asili yenyewe imefichwa. Ukizidisha 8 kwa 5 unapata 40, 5/8 ni 25/40 na 3/5 ni 24/40. Asili ni 40 kwa zote mbili kwahiyo watu wakaona ya nini kuiandika, wakabaki na 25 na 24. Mimi siipendi kwa mtoto wa la tano, na nitakwambia kwanini. Inalinganisha mbili mbili tu, ukiwa na sehemu nne unaweza kujikuta umezidisha mara sita, alafu bado uunganishe ipi ilimshinda nani. Pia wanaandika jibu juu ya sehemu ya upande mwingine, wakifanya hivyo kila kitu kinageuka na hawana namna ya kushtuka. Na kubwa zaidi, akishaizoea anaitumia hata pale haitakiwi, anaanza kujumlisha sehemu kwa mshazari. Ila kama zimebaki mbili tu zinabishana, na anajua kuna asili imejificha pale nyuma, mruhusu.

Simu yenye kalkuleta nayo ipo, 5 gawa kwa 8 ni 0.625, 3 gawa kwa 5 ni 0.6, 7 gawa kwa 12 ni 0.583 na inaendelea, 2 gawa kwa 3 ni 0.666 na inaendelea. Itumie wewe kuhakiki jibu usiku akishalala, yeye asizoee. Sehemu zenye namba nzima mbele yake, kama moja na robo, ni rahisi zaidi, angalia namba nzima kwanza, zikifanana ndo ushuke kwenye sehemu. Na akiona sehemu guni kama 7/6 aitoe kwanza namba nzima, ni moja na 1/6, basi moja na robo inaizidi.

Zoezi la kumpa wikiendi hii nakuachia moja, analifanyia gereji kwako. Muulize hivi, kwenye zile spana za inchi hakuna ya 2/3. Ingekuwepo, ungeitundika kati ya ipi na ipi? Asiguse KDS. Na 5/8 ameshailinganisha, kuzidi nusu kwa 1/6 ni zaidi ya kuzidi kwa 1/8, kwahiyo inakaa juu ya 5/8. Inayofuata ni 11/16, hapo aangalie kufika kizima: 2/3 imepungukiwa 1/3, na 11/16 imepungukiwa 5/16. Akigeuza 1/3 iwe 5/15 viasi vinafanana, vipande vitano vya kumi na tano dhidi ya vitano vya kumi na sita, vya kumi na tano ni vikubwa, kwahiyo 2/3 imepungukiwa zaidi, iko chini ya 11/16. Inaingia katikati ya 5/8 na 11/16. Akishakwambia hivyo mpe spana yako ya milimita namba 17. Inchi moja ni milimita 25.4, theluthi mbili yake ni 16.9, kwahiyo 17 ndo kama 2/3 yenyewe. Ajaribu kuiweka katikati ya hizo mbili ashike kwa mkono, 5/8 ni kama 15.9 na 11/16 ni kama 17.5, tofauti ya hii ya pili ni ndogo sana, aiangalie kwa mdomo wa spana na nati, sio kwa macho ya mbali.